Nilivyopanga lainibaka wangu kumi wa pembeni

Shemeji yangu anaishi New Jersey, mimi naishi Kansas City, na kwa miaka mingi simu zetu za Jumatatu zimekuwa za ubishi mmoja: nani lainibaka bora wa pembeni aliyepata kucheza NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani? Yeye ni mtu wa Giants, timu ya New York, kwa hiyo kwake jibu ni Lawrence Taylor na mazungumzo yamekwisha. Mimi ni wa Chiefs, timu ya hapa, na katika mji huu ukitaja namba 58 kila mtu anajua unamsema Derrick Thomas. Tulikuwa tunabishana kama watu wa Simba na Yanga kijiweni, kila mmoja akipandisha sauti kumzidi mwenzake, mpaka Novemba 2021 niliposhindwa mbele ya familia nzima. Ndipo nikaamua kutengeneza orodha ya watu kumi ambayo mtu hataivunja kwa swali moja. Ilinichukua mwaka mzima.

Kwanza nafasi yenyewe, kwa ambaye hajaizoea. Lainibaka husimama nyuma ya wale majitu wa mstari wa mbele wa ulinzi. Wa pembeni, kulia au kushoto, ana kazi tatu: kumvamia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, na kumwangusha kabla hajarusha mpira, ndiyo saki, kumzuia mkimbiaji anayetaka kupita ubavuni, na kurudi nyuma kuwakaba wapokeaji wa pasi. Hakuna anayezifanya zote tatu kwa kiasi sawa. Kocha ndiye anayempangia, na ubishi wote unazaliwa hapo.

Mimi nafasi hii ilinivuta kwa sababu ya kijana wa Afrika Mashariki. Mwaka 2013 Colts wa Indianapolis walimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa akicheza raga New Zealand na Afrika Kusini, ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Wakamweka lainibaka wa pembeni. Hakupata dakika nyingi, lakini sisi tunaozungumza Kiswahili huku tuliangalia mechi za Colts tukimtafuta yeye tu. Nikawa najiuliza: kwa nini pale? Waliona nini kwa mtu mwenye mbio na nguvu wakaona mahali pake ni pale pembeni? Tangu hapo macho yangu hayajaondoka kwenye nafasi hiyo.

Turudi kwenye kushindwa kwangu. Shemeji alikuja na familia yake kwangu kwa Sikukuu ya Shukrani. Tumemaliza pilau, watoto wako chini kwenye zulia, mechi ya Dallas iko kwenye televisheni. Nikatoa hoja yangu kubwa. Tarehe 11 Novemba 1990, uwanjani Arrowhead, Derrick Thomas alimwangusha Dave Krieg, kwotabeki wa Seattle, mara saba katika mechi moja. Saba. Rekodi hiyo hakuna aliyeivunja mpaka leo. Na ilikuwa siku ambayo Marekani inawakumbuka wanajeshi wake wa zamani, wakati baba yake Thomas alikuwa rubani aliyeuawa Vietnam mwaka 1972, kwenye operesheni ambayo jeshi liliipa jina la Linebacker II. Kila nikiisimulia habari hii mwili unanisisimka, na siku hiyo niliisimulia vizuri.

Shemeji akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Shemeji, mechi hiyo mlishinda?"

Hatukushinda. Dakika ya mwisho kabisa Thomas alimfikia Krieg mara ya nane, akamshika, Krieg akachoropoka, akarusha pasi kwa Paul Skansi, tachidauni, yaani bao. Seattle 17, Chiefs 16. Mke wangu mwenyewe alicheka. Shemeji akamalizia na namba: Taylor ana saki 132.5, Thomas 126.5, na hizo za Taylor hazihesabu 9.5 za msimu wake wa kwanza, kwa kuwa ligi ilianza kuzihesabu rasmi mwaka 1982 na yeye alianza 1981. Ile nusu, kwa asiyejua, hutokea wachezaji wawili wanapomwangusha kwotabeki pamoja.

Usiku ule sikulala upesi. Nilichukua daftari nikaandika saki za kila lainibaka wa pembeni niliyemjua, na ndani ya nusu saa nikaona kitu. Kevin Greene ana saki 160. Ni wa tatu katika historia yote ya ligi, nyuma ya Bruce Smith na Reggie White, ambao si lainibaka. Kama kipimo ni saki, Taylor na Thomas wote wawili wako chini ya Greene, na sijawahi kukutana na mtu hata mmoja anayesema Greene ni bora kuliko Taylor. Asubuhi, tukinywa chai, nikamuuliza shemeji kuhusu Greene. Alikaa kimya muda mrefu. Kumbe wote wawili tulikuwa tunatumia mizani ambayo sisi wenyewe hatuiamini.

Aliyenisaidia kupata mizani nyingine ni mzee jirani yangu, Mmarekani aliyekulia hapa hapa, ambaye alianza kuwatazama Chiefs kabla hawajahamia Arrowhead mwaka 1972. Nilipomwambia ninapanga orodha, hakuniuliza kuhusu Thomas kabisa. Aliniuliza, "Bobby Bell umemweka wapi?" Nikaona aibu. Nilijua jina lake tu. Basi mzee akanieleza jioni nzima, kwenye baraza lake, jinsi mtu yule alivyokuwa anaweza kucheza popote: alikuja akiwa mtu wa mstari wa mbele, akahamishwa nyuma, akanasa pasi 26 na sita kati ya hizo akazipeleka mpaka kwenye tachidauni. Hata mpira wa kupigia mateke, yeye ndiye aliyekuwa akiurusha nyuma kwa mpigaji. Ndiye lainibaka wa pembeni wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huu kule Canton, Ohio, mwaka 1983. Saki zake? Enzi zake hazikuhesabiwa rasmi. Kwa mizani yetu ya namba, Bobby Bell alikuwa hayupo duniani.

Hapo nikaligawa daftari. Ukurasa wa kushoto nikaandika *wavamizi*, wa kulia *wakabaji*. Ni kama beki wa pembeni kwenye soka letu. Yuko anayepanda kumwaga krosi, yuko anayeambiwa asivuke nusu ya uwanja. Ukiwapima kwa magoli unamwonea wa pili, naye huenda ndiye aliyeifanya timu isifungwe. Wavamizi wengi wametoka kwenye mfumo wa 3-4, watatu mbele na wanne nyuma yao: Taylor, Thomas, Greene, DeMarcus Ware. Wakabaji wametoka zaidi kwenye 4-3: Bell, Jack Ham wa Steelers, Derrick Brooks wa Tampa Bay. Brooks ana saki 13.5 katika misimu 14. Ware alipata 20 katika msimu mmoja wa 2008. Lakini mwaka 2002 Brooks alikuwa mlinzi bora wa ligi nzima, alifunga tachidauni nne msimu ule, na kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, akanasa pasi ya Oakland akakimbia nayo yadi 44 akafunga nyingine. Kumwambia mtu huyo kwamba hana saki ni kumlaumu kipa kwamba hafungi.

Mpaka wenyewe nao una ukungu. Mwaka 2015 Khalil Mack alichaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi kwa nafasi mbili, mtu wa mwisho wa mstari wa mbele na lainibaka wa pembeni, mwaka huo huo mmoja. Wapigakura wenyewe hawakukubaliana anacheza wapi. Mimi nilijiwekea kanuni: naangalia alichofanya mpira unapoanza, jina la nafasi yake silijali. Kanuni ya pili, anayecheza bado simpangi. Januari 2022 T.J. Watt aliifikia rekodi ya saki 22.5 ya Michael Strahan, na watu wangu wa kazini walinisumbua nimweke. Nilikataa. Kazi ya mtu ihukumiwe ikiisha.

Kisha nikaanza kuangalia mechi. Hii ndiyo sehemu iliyonila muda na ndiyo iliyonipa faida kuliko zote. Nafanya kazi za usiku, kwa hiyo mchana wa siku za mapumziko nilikuwa na saa tatu nne za ukimya nyumbani. Nilitafuta mechi nzima za zamani. Vipande vya dakika tano nilivikwepa, kwa kuwa kwenye vipande kila mtu ni Taylor. Na nilijizuia kuufuata mpira. Nilimchagua mtu mmoja, nikamtazama yeye kila mchezo unapoanza, hata kama mpira uko upande wa pili. Wiki mbili za mwanzo macho yalikuwa yananitoroka yanaufuata mpira yenyewe. Baadaye yakazoea.

Ukimtazama Jack Ham hivyo, kwa robo nzima unaweza kudhani hafanyi kitu. Hapigi mtu kishindo. Kisha unagundua kwamba upande wake hawatupi. Pasi ikija, yeye keshafika, kana kwamba alisikia wanachopanga. Pasi 32 alinasa, na Super Bowl nne timu yake ilichukua. Nilirudisha nyuma mchezo mmoja mara sita kutafuta ni kitu gani kilimwambia aondoke pale alipokuwa, na mpaka leo nadhani ni miguu ya yule mlinzi wa kwotabeki aliyekuwa mbele yake.

Thomas niliangalia mechi tisa. Nilitaka sana awe wa kwanza. Nimeishi mji huu, najua alivyoondoka, ajali ya gari barabarani kwenye barafu Januari 2000, akafariki Februari akiwa na miaka 33. Hatua yake ya kwanza ni ya haraka kuliko ya mtu yeyote niliyemtazama. Mlinzi wa kwotabeki hajainua mikono, yeye keshapita. Lakini timu zilizokuwa na akili zilimkimbizia mpira upande wake makusudi, na mara nyingi alikuwa ameshapita kule nyuma wakati mkimbiaji anapita pale alipotoka. Niliandika hivyo kwenye daftari kwa kalamu, na iliniuma.

Taylor ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa kuwa nilimtazama nikitafuta kasoro. Nilichokiona ni timu pinzani zikibadilika kwa ajili yake. Kocha Joe Gibbs wa Washington alipanga watu wawili wa pembeni mwa mstari wake ili mmoja apate kumkabili. Bill Walsh wa San Francisco, kwenye mechi ya mtoano ya msimu wa 1981, alimtoa John Ayers katikati ya mstari aje kumzuia, na Taylor alikuwa na msimu mmoja tu kwenye ligi. Giants hawakuwa wamefika mtoano tangu 1963. Mwaka aliofika yeye wakafika. Mwaka 1986 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, na baada yake hakuna mlinzi mwingine aliyewahi kupata tuzo hiyo. Mchezaji anayewalazimisha makocha hodari wa upande wa pili wachore upya mchezo wao, huyo simwoni mwenzake.

Basi orodha ikatoka hivi: Taylor, Bell, Brooks, Ham, kisha Thomas wa tano. Wa sita Ted Hendricks, mrefu wa futi 6 na inchi 7, ambaye mikono yake ilizuia mateke kama mlango. Wa saba Rickey Jackson wa New Orleans, saki 128 pamoja na kazi yote ya kuwazuia wakimbiaji ambayo wavamizi wengine waliikwepa. Huyu naona anadharauliwa sana. Ware wa nane. Wa tisa Robert Brazile wa Houston, aliyevamia kwotabeki namna ile miaka sita kabla ya Taylor, na Canton wakamkumbuka mwaka 2018. Greene wa kumi.

Mzee jirani aliposoma alitulia kwenye mstari wa pili, akanigusa bega, akanirudishia daftari bila neno.

Novemba 2022 tukaenda sisi New Jersey. Nilimpa shemeji daftari kabla ya chakula. Aliona jina la kwanza, nikamwona anaanza kutabasamu, kisha kidole chake kikashuka kikimtafuta Thomas mpaka namba tano, na lile tabasamu likaondoka. "Umemshusha mtu wako," akasema. Nikamweleza kuhusu mechi tisa. Akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue tuliongea saa mbili kuhusu mchezo huu bila kukatizana, mpaka dada yake akaja kutuuliza kama hatuna njaa.

Kisha akarudi kwenye namba kumi. "Na Andre Tippett?" Tippett wa New England, saki 18.5 mwaka 1984 na 16.5 mwaka uliofuata, 35 kwa misimu miwili, na yuko Canton tangu 2008. Nilikuwa nimemwandika kwenye ukurasa wa wavamizi nikamwacha bila kumtazama hata mechi moja. Nilimwambia ukweli huo. Akasema, "Basi orodha haijaisha, shemeji."

Nimeshapata mechi nne za Patriots za 1985. Jina la Greene nimelifuta kwa kalamu ya risasi, nikaliandika tena pembeni na alama ya kuuliza.