Leo nimepika vijiti

Nimeshinda labu hapa Kisumu nikipika vijiti vidogo mno vya zinki oksaidi, na ni kupika kweli, kemikali mbili, zinki naitreti na heksamini, kwenye maji, slaidi ya kioo inalala kifudifudi ndani ya chupa, oveni digrii 90, masaa manne. Saa ya tatu stima ikapotea, aki! Nikasuuza tu hivyo hivyo, kioo kikatoka na utando mweupe kama mvuke umeganda. Huo utando ni msitu wa vijiti vya pembe sita, jicho haliwezi kuviona.

Nikawasha tochi ya UV (mwanga ambao jicho halioni) gizani, ikang'aa manjano hafifu. Hiyo manjano inatokana na kasoro za fuwele, yaani mahali atomi hazijapangika sawa; mwanga halisi wa zinki oksaidi uko karibu nanomita 380, upande wa UV, na huo unataka spektromita, kifaa cha kupima mwanga. Supavaiza anaiita uchafu, mimi naipenda.