Hoho zangu za Kigamboni: pesa ilikuwa inaishia kwenye majani

Mimi nalima hoho huku Kibada, kaeneo tu nyuma ya nyumba, miche kama 400 ya California Wonder. Msimu wa kwanza niliingia kichwakichwa, maua yakatoka mwezi wa kwanza, na joto la Dar mwezi huo mnalijua. Mbolea ya urea naweka visoda viwili kila shina kila baada ya wiki mbili, juu yake busta, ile mbolea ya kupulizia majani, muuza duka akisema hii ya kukuza hii ya maua nabeba zote. Mihoho ikawa mijani mpaka inameremeta, wapita njia wanasifia, ila maua asubuhi nayakuta chini kama mtu kamwaga bisi. Na zile hoho chache zilizoshika zinatoka doa la majimaji kitakoni, siku mbili tatu limeshakuwa jeusi, limebonyea kama kisigino cha ndala. Nikapiga dawa ya ukungu, wapi!

Bibi shamba alipokuja majani hata hakuyaangalia, alichomeka kidole kwenye udongo pale shinani. "Kaka, unamwagilia lini?" Nikamjibu, "Dada yangu, nikipata nafasi," maana kazi yangu iko ng'ambo mjini, kuna siku pantoni inanichelewesha naruka, kesho yake naachia mpira usiku kucha. Akacheka sana. Kumbe kuoza kitako sio ugonjwa, ni tunda limekosa kalsiamu, na kalsiamu inapanda na maji, sasa mchanga wetu huu ukiruka siku imekwisha. Urea nyingi nayo inalisha majani tu, na usiku ukiwa wa moto ua linadondoka hata ununue duka zima.

Msimu wa pili nikasia mwishoni mwa mwezi wa 4, nikahamishia shambani mwezi wa 6, maua yakakuta kile kibaridi chetu. Kila shimo samadi ya kuku iliyooza vizuri na kisoda kimoja cha DAP, mbolea ya kupandia, nafunika udongo kidogo mizizi isiungue. Wiki ya tatu mbolea ya CAN kisoda kimoja, mbali na shina kidogo. Maua yalipoanza nikahamia mbolea ya NPK 17-17-17 ikipishana na kalsiamu nitreti, maji kila asubuhi, nyasi kavu zimetandazwa chini. Urea sikuigusa tena.

Sasa siku moja nina haraka zangu nikachanganya kalsiamu nitreti na busta yenye fosifeti kwenye pampu moja. Weee! Ikawa kama tui la nazi, nozeli ikaziba, nikakaa kwenye ndoo nachokonoa na sindano mpaka adhana ya magharibi. Zile mbili zikikutana zinagandana, kila moja na siku yake.

Vichocheo vya kukuza mimea sijavikataa. Kile cha mwani nilipiga nusu ya matuta nusu nikaacha, miche iliyopata ilichangamka upesi baada ya kuhamishwa, ila kwenye kuhesabu hoho sikuona kitu cha kunifanya nikimbie dukani.

Msimu wa kwanza wote nilipata ndoo nne. Huu, mchumo wa kwanza tu viroba vitatu, nikapeleka soko la Mabibo, dalali akanibana bei eti za Lushoto zimeshuka nyingi asubuhi hiyo. Nikanung'unika weee, hela nikapokea, nikapitia na mfuko wa CAN.