Kaya si nyumba, wala si familia

Mtajie mtu wa Kwale au Kilifi neno kaya, atawaza msitu: miti mikongwe isiyoguswa na shoka, njia nyembamba, wazee. Mtajie mtu wa Morogoro, atawaza karani wa sensa, au orodha ya kaya maskini inayobandikwa ofisi ya kijiji. Neno ni lile lile na hakuna aliyekosea. Kila upande umeshika kipande chake.

Maana iliyo mama wa hizi zote ni mahali watu wanapoishi pamoja kama kundi moja, pamoja na watu wenyewe. Kwa Wasukuma kaya ni mji wa mtu: nyumba, zizi na wote waliomo. Kwa Wagogo ni hivyo hivyo, na jengo wanaliita kwa jina jingine kabisa, tembe, yaani ile nyumba ya paa bapa la udongo ambayo vyumba vyake huzunguka ua wa ng'ombe. Tembe ikibomoka inajengwa nyingine. Kaya inabaki ile ile. Ukienda kusini kabisa, Kizulu na Kixhosa vina ikhaya, nyumbani. Wingi wake ni amakhaya, na ukisema emakhaya unamaanisha shamba, vijijini. Kitongoji cha Khayelitsha, kilichoanzishwa Cape Town mwaka 1983, jina lake ni "makao mapya" tu.

Wengi hueleza kwamba kaya limetokana na kitenzi kukaa. Linavutia, ila halisimami. Kitenzi kaa kilikuwa na l ambayo Kiswahili kimeimeza. Wabemba bado wanasema -ikala, Wakikuyu -ikara. Hata kwetu l hiyo hurudi tunaposema "kalia kiti", na ndiyo iliyogeuka z mbele ya i katika mkazi na makazi. Sasa tazama ikhaya ya Kizulu na kaya ya Kisukuma: hakuna l wala alama yake. Tena watoto halali wa kaa tunawajua: mkazi, makazi, makao, kikao, ukaaji. Hakuna nomino tunayoiunda kwa kubandika -ya mwishoni mwa kitenzi. Kaya ni neno linalojitegemea, la zamani sana, lililofanana na kaa kwa sauti na maana basi.

Pwani ya Kenya neno hili lilipata uzito wa pekee. Simulizi za Wamijikenda zinasema walishuka kutoka Singwaya, kaskazini, wakajenga vijiji vyenye ngome katikati ya misitu, kuanzia karne ya 16. Msitu ndio uliokuwa ukuta. Unaingia kwa njia moja au mbili zenye malango, unafika uwazi wenye nyumba, na ndani yake limezikwa fingo, kinga ya mji mzima. Hata jina Mijikenda ni hesabu ya makaya hayo: miji tisa, kwa kuwa kenda ni tisa ya zamani. Hapo mji si jiji. Ni makao ya ukoo, maana ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kabla mji haujawa mahali pa lami na taa.

Watu walipozidi na hatari ya vita kupungua, walihamia mashambani, na kufikia miaka ya 1940 makaya yalikuwa yamehamwa. Hapo ndipo neno lilipobadilika. Kwa kuwa makaburi, fingo na viapo vilibaki humo, kaya ikawa mahali patakatifu pasipo mkazi. Waingereza walilielewa hilo vizuri. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Wagiriama, mmojawapo wa miji hiyo tisa, aliwalisha watu kiapo Kaya Fungo wasiitumikie serikali, na mwaka 1914 serikali ikailipua kaya hiyo kwa baruti, ingawa Wagiriama wengi walikuwa wameshahama zamani. Mwaka 2008 baadhi ya misitu hii iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kaya Kinondo, karibu na Diani, inapokea wageni hadi leo: unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unavua kofia, na hutoki na kitu, hata jani.

Tanzania ilikwenda njia nyingine, ikaliingiza neno ofisini. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kisajiliwe. Leo sensa, TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na watafiti wote wanahesabu kaya: watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kipimo ni chungu. Paa si kipimo, na damu si kipimo.

Hapa ndipo makosa yanapozaliwa, kwa hiyo chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita pale Manzese, Dar es Salaam, vitatu kila upande wa ukumbi, uani kuna choo kimoja na bomba. Mwenye nyumba ana vyumba viwili, anakaa na wajukuu wawili na binti wa kazi anayelala na kula hapo: kaya moja, watu wanne. Chumba cha tatu wanakaa wanafunzi wawili wanaochangia unga na mkaa: kaya moja, ingawa hawana undugu. Cha nne na cha tano ni mtu na kaka yake, kila mmoja na jiko lake: kaya mbili, ingawa ni tumbo moja. Cha sita yupo kijana anayekula kwa mama lishe asubuhi hadi usiku: naye ni kaya ya mtu mmoja. Nyumba moja, kaya tano. Mtoto wa mwenye nyumba aliye Mwanza, hata akituma hela kila mwezi, ni familia lakini si kaya. Binti wa kazi ni kaya lakini si familia. Na mkuu wa kaya ni yule wanayemtambua wenyewe. Karani anayemtafuta mwanamume tu anaharibu fomu.

Ukiandika "nyumba" badala ya kaya kwenye dodoso, swali la choo litakupa jibu la uongo. Utaambiwa nyumba ina choo, utaweka alama ya ndiyo, na kaya tano zinazopanga foleni ya choo kimoja alfajiri zitatoweka kwenye takwimu. Mfumo wa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi mmoja kwa kila nyumba kumi, ulikuwa na tatizo hilo hilo mjini: ulihesabu milango ya mbele, kwa hiyo balozi wa Manzese alibeba watu wengi kuliko mwenzake wa kijijini.

Kuhusu ngeli, Tanzania ni kaya hii, kaya hizi. Pwani ya Kenya utasikia makaya, hasa kwa ile misitu, na wahariri wengine huifuta ma- kama kosa. Iacheni. Ndiyo ile ile iliyomo kwenye amakhaya.