Koki ya BSA

Mwaka 2014 nilikuwa mkerezaji kijana katika karakana ya fundi wa bunduki mwenye leseni, Industrial Area, Nairobi. Kazi nyingi zilikuwa zile zile: skrubu iliyokatika, springi iliyochoka, kitako kilichopasuka. Bunduki za hewa, zinazosukuma risasi kwa hewa iliyokandamizwa badala ya baruti, tulizipata kwa nadra. Kisheria hapa Kenya nazo zinahitaji cheti, kwa hiyo hazizagai ovyo.

Ndipo mzee mmoja wa Parklands akaja na binti yake, wamebeba mfuko mrefu wa turubai. Ndani yake mlikuwa na bunduki ya hewa, BSA Standard, ya zile zilizotengenezwa na kampuni ya BSA (Birmingham Small Arms) huko Birmingham, Uingereza, kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Ilikuwa na alama ya kiwanda, bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana, na nambari 2 iliyogongwa kwenye chuma, yaani tundu la inchi 0.22. Ilikuwa ya marehemu baba wa mzee huyo. Cheti kilikuwa sawa, lakini bunduki yenyewe ilikuwa imekwisha nguvu. Ukifyatua, risasi inaishia katikati ya mtutu.

Niliipenda palepale, na mpaka leo sijaona umbo la bunduki ya hewa lililofikiriwa vizuri kuliko lile. Hati miliki yake ni ya Lincoln Jeffries, fundi wa Birmingham, mwaka 1904, na BSA wakaanza kuitengeneza mwaka uliofuata. Bunduki nyingi za hewa za bei nafuu hukunjwa pale mtutu unapokutana na silinda ili kuzijaza, na kila ukiufunga lazima urudi pale pale, la sivyo shabaha inahama. Jeffries aliuacha mtutu umesimama imara. Unavuta wenzo ulioko chini ya mtutu, springi inakaza, kisha unazungusha koki ndogo ya chuma mbele ya silinda na kudondosha risasi kwenye tundu la koki hiyo. Unaifunga, unapiga. Wazo hilo la mtutu usiosogea na wenzo wa chini halijafa: Weihrauch wa Ujerumani walilirudisha kwa nguvu kwenye bunduki yao ya HW77 miaka ya 1980, ingawa wao waliiondoa koki wakaweka silinda inayorudi nyuma.

Ubishi ulianza kabla hata hatujafungua skrubu moja. Binti yule alikuwa mlengaji wa bunduki ya hewa ya mita 10, ule mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na alitaka bunduki ya babu yake ipige. "Fundi, weka pistoni mpya yenye sili ya plastiki ya kuzuia hewa isivuje, weka springi ya kisasa, nami nitaitumia kila wikendi." Mzee akatikisa kichwa. "Ukiweka plastiki, hii si ile ya baba yangu tena. Na msiguse rangi ya chuma. Msiisugue hata kidogo."

Fundi alisikiliza wote wawili, kisha akasema neno ambalo nimelishika tangu siku hiyo katika kila kitu cha kale ninachokitengeneza: "Binti yangu, itapiga. Na wewe mzee, nje haitaguswa. Cha ndani tutakachotoa tutakifunga mfukoni mrudi nacho, ili siku mkitaka, kila kitu kirudi kilivyokuwa." Naamini hiyo ndiyo njia pekee ya kumtendea haki mkusanyaji na mlengaji kwa pamoja. Anayeng'arisha chuma cha mwaka 1930 hadi kimetamete ameshafuta kitu kisichorudi, lakini anayebadilisha sili hajafuta chochote.

Tulipoifungua, sili ya ngozi iliyokuwa mbele ya pistoni ilivunjikavunjika mkononi kama biskuti. Mtu fulani zamani aliipaka mafuta ya injini. Hilo ni kosa kubwa: pistoni inapoikandamiza hewa, hewa inapata joto kali, na mafuta hayo yanawaka ndani ya silinda kama yanavyowaka kwenye injini ya dizeli. Unasikia mlio mzito, unaona moshi, unadhani bunduki ina nguvu, kumbe inajiua.

Nilitumwa soko la Kariokor kwa mafundi wa viatu, nikachagua kipande cha ngozi nene ya ng'ombe isiyo na kovu. Nikakereza kalibu ya chuma, dume na jike, kwa kipimo cha silinda. Ngozi ikalowekwa majini, ikabanwa kwenye kalibu mpaka ikachukua umbo la kikombe, ikaachwa ikauke polepole. Kisha ikapunguzwa ukingo kwa wembe, ikalazwa kwenye mafuta ya kwato za ng'ombe mpaka ikashiba. Ngozi iliyoshiba inatanuka hewa inapoisukuma, inajifunga yenyewe ukutani. Plastiki nayo inafanya hivyo, sikatai, na inadumu. Ila kwa silinda ya zamani iliyochakaa pasipo usawa, ngozi inasamehe zaidi.

Koki ndiyo iliyotupa kazi. Ilikuwa imelika, hewa inatoroka pembeni. Fikra ya kwanza ilikuwa kuisaga na dawa ya kusagia vali, lakini koki hiyo imechongoka kama pia ya watoto: ukiisaga inazama ndani zaidi, na tundu lake haliangaliani tena na mtutu. Fundi akaamua nikereze mpya, na ya zamani iingie mfukoni. Nilikereza chuma kigumu kidogo kidogo, nikipaka wino wa samawati, naingiza, nazungusha, natoa, natazama wino umefutika wapi. Jioni ya siku ya pili ulikuwa unafutika mzunguko wote.

Kupima uvujaji tulitumia karatasi nyepesi ya kusokotea sigara. Unalaza kipande juu ya koki, unapiga risasi kwenye kasha la mchanga. Kabla, karatasi iliruka mpaka kwenye benchi la jirani. Sasa haikutikisika. Fundi aliniambia nipige tena, akainama karibu kabisa kuitazama.

Walipokuja kuichukua, tulikwenda wote kwenye uwanja wa shabaha. Risasi za kisasa za 5.5 mm zilikuwa zinalegea kwenye mtutu ule. Zile za 5.6 mm zikakaa vizuri. Yule dada alizoea bunduki ya mashindano isiyo na mtikisiko, akaibana begani, risasi zikatawanyika. Nikamwambia, "Dada, hii springi na pistoni zinasogea kabla risasi haijatoka. Usiizuie, iache ilale juu ya kiganja." Akalegeza mkono. Kwa mita 15, matundu yakaanza kugusana.

Mzee akaomba zamu yake. Alipiga mpaka kopo la risasi likaisha, na binti yake ndiye aliyekuwa akimvutia wenzo, kwa kuwa bega la mzee lilikuwa bovu.

Wiki iliyofuata dada akapiga simu karakana. Rafiki yake ana Webley ya zamani, bunduki ya hewa ya kampuni nyingine ya Uingereza, sili imekufa, je, tunaweza? Fundi akanipa simu mimi, kwa kuwa kalibu ilikuwa kazi yangu. Nikamwambia alete bunduki pamoja na cheti chake, na kwamba safari hii nitaanza na koki.