Pini ya jirani

Jumamosi, usiku.

Nimenawa mikono mara mbili na bado inanuka mafuta ya taa. Naandika kabla sijalala, kwa sababu jambo hili nimekaa nalo zaidi ya mwaka, na leo ndiyo mara ya kwanza nimelishika kwa mikono. Siku zote nilikuwa nalisema tu.

Mpakani, upande wa jirani yangu, kuna trekta ambalo halijatembea kwa miaka 3. Nyuma limebeba plau ya diski tatu. Kando yake kuna haro, kifaa cha kuvunja mabonge ya udongo baada ya kulima, iliyofunikwa na majani hata huioni mpaka uikanyage, trela lisilo na ubao mzima, na lundo la matairi ya zamani. Kila asubuhi nikienda shambani napita hapo, na kila asubuhi moyo wangu ulikuwa na neno moja juu ya mwenye mali: mzembe.

Chuki yangu ilianzia kwenye matairi. Mvua ikinyesha yanashika maji, na penye joto yai la mbu halihitaji zaidi ya siku 7 hadi 10 kuwa mbu anayeruka. Tairi ni baya kuliko dimbwi, maana jua halifiki ndani na maji hayakauki upesi. Usiku nikisikia mbu sikioni, aliyenijia akilini ni jirani.

Lakini kilichonitisha ni plau, kwa sababu iliachwa juu. Kifaa chochote kinachobebwa na trekta hushushwa mpaka chini kabla mtu hajaondoka, kwani kinachokishikilia hewani ni shinikizo la mafuta ya haidroliki tu, na mafuta hayo huvuja. Hii ilishuka kidogo kidogo ikaegemea gogo ambalo mtu aliliweka chini yake, na gogo lenyewe limeliwa na mchwa. Plau ile ina zaidi ya kilo 200. Mwezi uliopita nilimkuta mwanangu amelala kifudifudi chini yake, akinyoosha mkono kufuata mpira. Nilimwita kwa sauti ya kawaida, kama ninayemwita kula, ili asishtuke akaligonga lile gogo. Akatoka. Mimi nikakaa palepale kwenye majani mpaka miguu ikapata nguvu.

Na hata baada ya hapo sikwenda kwa jirani. Nililalamika nyumbani, nikalalamika kwa ndugu zangu, nikafikiria kumshtaki kwa viongozi. Kila njia niliiona isipokuwa ile ya hatua 200 kutoka mlangoni kwangu hadi kwake. Sababu naijua. Ni pini.

Msimu wa mavuno uliopita, pini ya kuunganishia trela langu ilikatika mzigo ukiwa njiani. Nikalikumbuka trela la jirani. Nilikwenda jioni giza likiingia, nikaing'oa pini yake kwa nyundo, nikaondoka nayo. Nilijiambia kwamba sikuiba, kwamba vitu vile havina mwenyewe tena. Lakini kama kweli niliamini havina mwenyewe, kwa nini nilisubiri giza? Tangu siku ile nilishindwa kumtazama machoni, na kadiri nilivyoshindwa ndivyo nilivyozidi kumwita mzembe. Ilinifaa awe mzembe.

Alhamisi nilipiga hodi. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea yote.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya ile plau."

Nikamweleza habari ya mtoto. Alishika kichwa kwa mikono miwili, wala hakujitetea. Tukanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na pini, mwanangu, bado inakufaa?"

Alijua tangu siku ya pili. Aliona mahali nyundo ilipokwangua kutu.

Nilimwomba radhi. Akaniambia angenipa kama ningemwomba, na kwamba kilichomuuma ni kuona nimepita pale nikadhani amekufa. Alitumia neno hilo hilo: amekufa. Ndipo akanieleza. Injini ilizimika katikati ya kulima. Fundi akasema pampu ya dizeli imeharibika. Jirani akapanga kuitengeneza wiki inayofuata, na wiki ile haikuwa na fedha, na iliyofuata pia. Baadaye fedha zikapatikana kidogo, lakini kutu ilikuwa imeanza, akaona haya kumwita fundi akaone hali ile. Sasa huzunguka nyuma ya nyumba anapokwenda kisimani ili asilione. Miaka mitatu anazunguka, na mimi nilikuwa nikimwona anapozunguka nikidhani ananikwepa mimi.

Leo tumeanza alfajiri, na tumeanza na plau. Tuliweka jeki na magogo mapya imara pande mbili, tukaondoa lile la mchwa, likavunjika mkononi kama mkate mkavu. Tukaishusha taratibu mpaka diski zikakaa juu ya mbao. Hakuna aliyepeleka hata kidole chini yake. Ilipogusa mbao, jirani alivuta pumzi nikamsikia.

Matairi tuliyamwaga maji yenye viluwiluwi, tukayatoboa upande wa chini ili yasishike tena.

Diski zilinihuzunisha. Plau inapolima, udongo husugua rangi yote mpaka chuma kinang'aa kama kioo, kwa hiyo sehemu iliyofanya kazi kuliko zote ndiyo inayobaki bila kinga na ndiyo kutu huila kwanza. Dawa yake ni ndogo sana: msimu ukiisha unasafisha udongo, unapaka grisi au oili chafu, basi. Kazi ya robo saa. Tumezisugua kwa brashi ya waya saa mbili nzima, na chini ya magamba chuma bado kipo, kina vishimo lakini kipo.

Kwenye tangi tulifungua nati ya chini. Yalitoka maji kwanza, maana maji ni mazito kuliko dizeli na hukaa chini, kisha utelezi mweusi. Utelezi huo ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Sasa nashuku pampu haikufa kwa uzee, ilikufa kwa maji haya. Sikumwambia hivyo leo. Bomba la moshi lilikuwa wazi kuelekea mbinguni miaka yote mitatu. Kopo moja tu lililopinduliwa juu yake lingezuia mvua isiingie kwenye injini. Tumeliweka leo, tukiwa tumechelewa. Panya wamekula nyaya. Betri tumeiacha ilivyo, ina chumvi nyeupe kila mahali na asidi si ya kuchezea.

Injini haizunguki. Nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, mbili kati ya tatu zilitoka, ya tatu ikakataa. Kwenye yale matundu mawili tukamimina oili iliyochanganywa na mafuta ya taa, ikae ipenye pistoni zilizoshikana na silinda. Nilitia spana kwenye nati kubwa ya mbele nikavuta ili niizungushe injini kwa mkono, haikutikisika. Nilitaka kuongeza bomba refu nivute kwa nguvu. Jirani akanizuia: ukiilazimisha utavunja kitu ambacho bado ni kizima, iache inywe.

Hatukukubaliana kwa yote. Mimi naona haro na trela angeviuza kama chuma chakavu, fedha zisaidie pampu. Hataki kusikia. Haro ile, anasema, ndicho kifaa cha kwanza alichonunua kwa mavuno yake mwenyewe. Sikubishana zaidi. Si yangu, na nimechelewa sana kulitambua hilo.

Jioni nilikwenda nyumbani nikairudisha pini. Yangu nitaagiza. Niliitia kwenye tundu lake, ikaingia bila nyundo, kwa kuwa nimekuwa nikiipaka grisi mwaka mzima. Jirani akaigusa, akaizungusha kwa vidole, akaiacha.

Nilipokusanya zana niondoke, akaniomba nisiitoe spana kwenye ile nati ya mbele. Kesho asubuhi anataka kupita pale akiwa peke yake, ajaribu kidogo. Nimemwachia. Jumanne tutavuta pamoja.