Impela ikikatika, tafuta vipande vyote

Dalili ya kwanza niliiona kwenye ekzosi. Jenereta ya boti yetu hutema maji kwa mikupuo mizito pamoja na moshi. Safari hii maji yalikuwa yakichuruzika tu, na mvuke ulikuwa mwingi. Geji ya joto ilikuwa imeanza kupanda. Niliondoa mzigo wote wa umeme, nikazima mashine.

Sikufungua chochote mpaka ilipopoa. Maji yanayozunguka ndani ya injini yana presha, kwa hiyo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegeza mfuniko yakiwa hivyo, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Mimi huubinya mpira wa juu unaopitisha maji hayo: ukiwa bado mgumu, nasubiri.

Jenereta yetu inawashwa pia kutoka kwenye usukani, na aliye juu haoni mikono yako iko wapi. Nikachomoa waya hasi wa betri, nikafunga koki ya maji ya bahari, na ufunguo wa kuwashia nikautundika kwenye mpini wa koki hiyo. Anayeutaka ufunguo lazima aifikie koki.

Chujio la maji ya bahari lilikuwa safi. Nilipofungua pampu ndipo nikakuta impela, gurudumu la mpira linalosukuma maji ya bahari, imekatika mapanga kadhaa. Wengi hapa huweka impela mpya, wakafunga na kuwasha. Mimi siafiki kabisa. Vile vipande vya mpira havijapotea, vimesukumwa mbele na maji, na vitaziba njia ya kipoza joto, ambamo maji ya bahari hupoza maji ya injini. Nilitandika kitambaa cheupe, nikaiweka impela ya zamani katikati, na kila kipande nilichopata nikakipachika mahali kilipovunjikia. Vingi vilikuwa kwenye mdomo wa kipoza joto, vimejipanga juu ya vitundu vya mirija. Kimoja kilikosekana. Nilifungua mpira unaotoka kwenye pampu, nikapitisha kidole kwenye kona, nikakigusa pale, kimejikunja.

Kwa kuwa kipoza joto kilikuwa wazi, nikachomoa na kipande chake cha zinki. Hiyo huliwa na maji ya chumvi ili shaba isalimike, na ikiliwa nusu mimi huibadilisha.

Impela mpya niliipaka gliserini, maana grisi ya kawaida inaweza kuharibu mpira. Chujio nikalijaza maji kabla ya kulifunga, pampu isianze kusaga kavu. Kulanti, yaani yale maji ya kupozea yanayozunguka ndani ya injini, niliiongeza ilikopungua, na iliyomwagika nikaifuta yote: nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye utamu unaowavuta watoto na mbwa.

Nikafungua koki, nikarudisha waya wa betri. Kuna hatari moja hapa ambayo watu huipuuza. Injini ikigoma kuwaka, usiendelee kukazana na stata koki ikiwa wazi. Pampu inavuta maji kila mzunguko, na hakuna moshi wa kuyasukuma nje, hivyo yanajaa kwenye sailensa na yanaweza kurudi hadi kwenye silinda.

Yetu iliwaka, na maji yakatoka kwa nguvu. Nikamulika tochi kwenye maungio ya ekzosi nikitafuta masizi yanayoonyesha moshi unavuja, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi, haina harufu, na king'ora chake nikakijaribu. Mzigo wa umeme niliurudisha kidogo kidogo, jicho kwenye geji, hadi sindano ikatulia.