Siku Moja Maishani Mwangu: Yoga Nje ya Mkeka

Saa 11 alfajiri. Niliketi kwenye mkeka kabla simu hazijaanza kuita. Watu wengi wakisikia yoga hufikiria viungo vinavyokunjwa, nami nilianza hivyo hivyo, ilhali katika Yoga Sutra za Patanjali, andiko la kale la yoga kutoka India lenye kauli fupi zipatazo 196, mkao wa mwili umetengewa kauli 3 tu, tena ni hatua ya 3 kati ya hatua 8. Hutanguliwa na yama, yaani miiko ya kuishi na wengine, na niyama, nidhamu ya mtu na nafsi yake. Kwa hiyo, baada ya kunyoosha mgongo na kufuatilia pumzi, huchagua kauli moja ya kwenda nayo kazini. Leo nilichukua ya 34 katika sura ya 2: madhara ni yale mtu anayoyatenda, anayosababisha yatendwe, au anayoyaridhia.

Saa 2 asubuhi. Nilifika dakika 5 kabla ya kikao. Zamani nilikuwa mchelewaji sugu, hadi nilipoitafakari asteya, mwiko dhidi ya wizi, nikapiga hesabu: kuwaweka watu 9 wakinisubiri kwa dakika 10 ni kuwaibia saa moja na nusu.

Saa 3. Ripoti ilikutwa na takwimu zisizolingana, na kijana aliyeiandaa akaanza kukaripiwa mbele ya wote. Takwimu zile nilimpa mimi. Sikusema uongo wowote. Nilitazama tu karatasi zangu, nikijiambia kwamba nitalirekebisha jambo hilo faraghani, na dakika zikapita huku yeye akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Ndipo neno “anayoyaridhia” likanirudia. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikidhani linawahusu watu wanaoshangilia ukatili, kumbe linamhusu pia mtu mpole aliyeinamisha kichwa. Nikasema kwamba kosa lilikuwa langu. Sauti ilitetemeka, na sikujisikia shujaa hata kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa. Baada ya kikao nilimwambia, “Nisamehe, mdogo wangu.” Akajibu, “Yameisha, kaka,” kwa namna iliyoonyesha kwamba hayajaisha.

Saa 6 mchana. Nilimwandikia aliyemkaripia barua pepe ndefu yenye hasira, nikiiita satya, yaani ukweli. Hapo palihitaji uangalifu, kwa sababu ufafanuzi wa kale wa Sutra hizo, unaohusishwa na mwenye hekima aitwaye Vyasa, unasema kwamba neno la kweli linalowaumiza viumbe halihesabiwi kuwa ukweli. Kauli ya 33 nayo inaelekeza kwamba mawazo potovu yanapomsumbua mtu, ayakuze yaliyo kinyume chake, zoezi liitwalo pratipaksha bhavana. Sikuweza kumpenda yule bwana kwa amri; niliweza tu kujiuliza alikuwa akiogopa nini. Nikafuta sentensi moja baada ya nyingine, zikabaki mbili: kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba makosa ya kijana yeyote yazungumzwe faraghani.

Saa 9 alasiri. Niliwasilisha ombi la nyongeza ya mshahara. Rafiki yangu mmoja hunicheka kwa hilo, akidai kwamba santosha, yaani kuridhika, hukataza mambo kama hayo. Sikubaliani naye. Mtu anaweza kutulia na alichonacho na bado akadai haki yake. Kinachotakiwa kutulia ni moyo, si kalamu.

Saa 12 jioni. Nyumbani, kazi za kawaida, bila falsafa.

Saa 3 usiku. Muda wa svadhyaya, kujisoma nafsi. Nilifungua daftari nikachora safu 3: niliyotenda, niliyosababisha, niliyoridhia. Mbili za kwanza nilizijaza upesi. Ya tatu niliianza kwa kikao cha asubuhi, nikakumbuka kikao cha wiki iliyopita, kisha kingine cha mwaka jana, nikalazimika kugeuza ukurasa.